Sombe yenye udongo ya Buleusa

Mama yangu,

Jambo sana toka Buleusa! Ninakumbuka baridi yetu ya Ngungu, sababu huku jua na mvua vinagombana kutwa.

Nilipokelewa na Mama Furaha, mwenye anafinyanga vyungu. Jana nilimuonyesha kazi yangu ya chimie, ya kuchunguza udongo, yenye ilinileta huku; nikatumia udongo yake: kidogo nilitia mu kopo ya maji ya ndimu, ingine mingi mu sufuria ya maji ya majivu. Ndani ya udongo muko vipande vidogo sana, bapa kama majani, jicho haiwezi kuviona. Ndimu inavishikamanisha, vinaanguka chini, maji inatakata. Majivu inaviachanisha, vinaendelea kuogelea.

Nikaenda kuoga. Mama Furaha akaona sufuria karibu na moto, akafikiri nimemutayarishia maji ya majivu ya kulainisha sombe, majani ya muhogo, vile mama wote wanafanyaka. Akamwanga yote mu sombe. Tukakula, tukalamba na vidole! Nilipouliza sufuria yangu, akashika mudomo. Bwana yake akacheka mpaka machozi: «Mwenye kukula udongo ya hapa, huyo njo mutoto wa hapa!»

Leo asubui Mama Furaha akaniletea udongo ingine, kitunga nzima, amechimba yeye mwenyewe. Namushukuru Mungu kwa watu hawa.

Siku nilitoka ulilia, ukasema huku sina ndugu. Aksanti kwa machozi yale, Mama. Sasa pangusa: huku pia iko kwetu.

Mutoto wako,
Riziki