Kibangwa cha Mzee Ngassa

Puge, Nzega
9 Machi 2024

Mwanangu Lugembe,

Mwangaluka, baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku tu wazima, ukiondoa magoti yangu, ambayo siku hizi yananinunia kama mke mwenza. Mdogo wako Levina anakuamkia. Nikimaliza kuandika ataipiga picha karatasi hii akutumie, maana kwenye simu maneno yangu hukatwa katikati na mimi sipendi kukatizwa.

Babu yako tumemzika, unajua. Kilichobaki ni kuvunja matanga, na hapo ndipo unapohitajika. Baba yako hayupo, wewe ndiye mjukuu mkubwa, kwa hiyo jina la Ngassa ni lako. Wazee wamekubali tungoje mavuno. Ukikosa ruhusa ya kusafiri, basi kibangwa kije na mtu unayemwamini. Hujasahau desturi ya nyumba yetu: aendaye mbali huondoka na kibangwa, lile gamba jeupe, shingoni ili mababu wamjue njiani, na mkubwa akifa hulirudisha, kwa kuwa mrithi havishwi kitu kingine. Mpagazi wetu wa kwanza alilipata pwani baada ya kubeba pembe begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Mimi mwenyewe nilikuvisha siku unaondoka, ukalia kama mtoto.

Hadi kifike, nyumba ya babu yako imefungwa na kiti chake hakikaliwi. Usinicheleweshe, baba.

Shangazi yako,
Siwema

Iowa, ukingoni mwa Mto Mississippi
2 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na msiba, na poleni nyote. Mimi ni mzima, baridi tu. Habari ya babu niliipata nikiwa kiwandani, kule tunakokata nyama ya nguruwe, nikalia mpaka msimamizi akadhani nimejikata kisu.

Nikupunguzie huzuni kidogo kwa kukueleza mji huu. Ni mdogo, hata Nzega ingeweza kuucheka, lakini umejaa mambo. Zamani watu walivua kome mtoni, wakatoboa magamba yao na kutengeneza vifungo vya mashati ya nusu ya Marekani. Kisha plastiki ikaja, viwanda vikafa. Hata leo ukitembea ukingoni unaokota magamba yenye matundu ya duara. Wakati wa baridi tai wenye vichwa vyeupe hukaa karibu na bwawa kuvizia samaki. Kiangazi watu huja kula tikiti maji na kupanda meli ya zamani inayosukumwa na gurudumu. Na majengo ya matofali mekundu, shangazi! Yana umri wa boma la Tabora na bado yanang'aa.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Lugembe

Puge
20 Aprili 2024

Mwanangu Lugembe,

Habari za huko? Sisi wazima. Karanga zimekubali mwaka huu.

Barua yako nimeisoma, kisha Levina akanisomea tena nikidhani nimeruka mstari. Nilikuuliza kibangwa, umenijibu tai. Nilikuuliza safari, umenijibu tikiti maji. Hao tai wana vichwa vyeupe, vizuri, hata mimi ninacho, na kimekuwa cheupe kwa kungoja watu kama nyinyi. Niambie kibangwa kinakuja lini.

Shangazi yako,
Siwema

Iowa
11 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nina habari njema: nimeacha nguruwe! Sasa nafanya kazi kwenye makumbusho ya mji, ya vifungo na magamba. Navaa shati safi, naongoza wageni, nawasimulia habari za mto na za wavuvi wa kome. Wananiita kwa jina langu na wanalitamka vizuri. Hapa mgeni hukaa miaka bila mtu kumuuliza kwao ni wapi, lakini mimi sasa ninasikilizwa.

Kibangwa kiko salama mno, shangazi, usiwe na wasiwasi. Kukituma kwa mtu ni hatari. Tuvute subira.

Mwanao,
Lugembe

Puge
3 Septemba 2024

Lugembe,

Sikuulizi hali. Najua u mzima, umevaa shati safi.

Juzi Awadhi wa Ng'ambo ya Tabora, yule anayewatembeza watalii, alileta Wazungu wawili, mtu na mkewe, wazee kama mimi. Walikuwa wametoka Kwihara, wanaifuata njia ya misafara. Nikawakaribisha michembe, viazi vyetu vya kukausha, na karanga. Yule mama akaniuliza, Awadhi akitafsiri, kama najua boma la ukoo wa Ngassa lilikuwa wapi. Nikasema, ukoo upi? Akasema ule uliokwisha. Akasema kwao, katika makumbusho ya mji wao mdogo wa mtoni, kuna kijana mpole aitwaye Lugembe, wa mwisho wa ukoo wake, aliyewapa kibangwa cha mababu kwa sababu hana tena wa kumrithisha. Kimewekwa ndani ya kioo, na taa juu yake. Alikuwa amefunga safari kuja kuona tulikoishia. Akasema hayo na machozi yakamtoka, huku anakula michembe ya hao hao marehemu.

Awadhi aliinamisha uso akatazama viatu vyake. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuweza kukuaibisha mbele ya wageni. Niliwaonyesha kichaka nyuma ya kisima, nikasema walikaa pale. Walikipiga picha.

Umenisaliti, Lugembe. Uongo wa mtu mwingine ungenikasirisha tu. Wa kwako umeniumiza, kwa sababu nilikubeba mgongoni mama yako alipougua, na wewe umenizika nikiwa napumua. Nataka kibangwa.

Shangazi yako,
Siwema

Iowa
5 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijalala. Sikukusudia. Waliniuliza kama kuna mwenye kukidai, na nilijua nikisema yupo hawatakipokea. Nilitaka kitu kimoja cha kwetu kiwe hapa, na kwa hicho nami niwe mtu. Neno likatoka, kesho yake likawa limeandikwa ukutani.

Sasa mimi siwezi kukiomba tena. Ni lazima ajitokeze mwenye kukidai aliye hai, na hapo nitafukuzwa. Nakuomba, shangazi, kiache. Watu wanakiona, jina la babu linasomwa. Na matanga yavunjwe. Pale sokoni Tabora havikosekani vibangwa vinavyofanana na kile. Mkinunua kimoja, nani atajua?

Mwanao,
Lugembe

Puge
29 Septemba 2024

Lugembe,

Umeuliza nani atajua. Babu yako atajua.

Niliisoma barua yako mbele ya wazee, yote, hata hapo pa sokoni. Kisha tukakubaliana kwamba jina la Ngassa atalichukua Levina. Mzee Adriano aliguna, akasema haijapata kuwa mwanamke. Nikamwambia haijapata pia kuwa mwanamume wa kutuuza tukiwa hai.

Kibangwa kikirudi atavishwa hicho. Tumewaandikia wenye makumbusho. Mimi nimesema, Levina ameandika kwa Kiingereza. Sikutaja uongo wako, wataujua wenyewe. Nimewaambia tu kwamba ukoo wa Ngassa upo Puge, na nikawatajia walio hai, mmoja mmoja, hadi mtoto wa Zabibu ambaye hata kitovu hakijakauka.

Tulipofika mwisho Levina aliniuliza, "Na kaka, shangazi?"

Nikamwambia afunge bahasha.

Siwema binti Ngassa