Jeli Yangu Sikutumii

Nyumba ya pili nyuma ya soko la nguo,
Jumamosi, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Mrefu,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo, na mkeo hajambo? Kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea vyuma kimekuachia kifua? Huku sote wazima. Mama anakwenda dukani kwa miguu yake mwenyewe, kisha anarudi kulalamika kwamba muuza duka hajui kupiga soga.

Barua yako ilifika Jumanne. Unasema unachoka mchana kutwa, hamu ya unyumba imekuisha, na mwaka wa tatu wa ndoa bado hakuna mtoto. Kwa hiyo nikutumie nusu ya jeli yangu ya homoni ya kiume. Jibu langu ni hapana. Nakueleza sababu, usije ukasema kaka amekuwa mchoyo.

Najua ulikotoa wazo hilo. Mama alikuwa akivunja kidonge kimoja katikati, nusu yako nusu yangu, hata kama anayeumwa ni mmoja. Lakini dawa hii si ya kugawana.

Mimi nilianza hivi. Shajara yangu ya tarehe 2 Juni inasema: "Leo nimesinzia juu ya mizani ya muuza mchele." Nilikwenda kuirekebisha, nikaegemea kidogo, usingizi ukanichukua. Akaniamsha, "Fundi, kilo sabini na nane kamili. Nikufungie?" Soko zima lilicheka. Shemeji yako hakucheka, maana hata kitandani nilikuwa kama mgeni aliyepitiwa na usingizi.

Nikaenda maabara saa kumi jioni, nikitoka kazini. Mama wa maabara akanitazama: "Baba, homoni hii huwa juu asubuhi. Saa hizi utanidanganya bure. Rudi kesho mapema." Nikapimwa saa mbili asubuhi, na tena baada ya wiki mbili, kwa sababu kipimo kimoja hakiaminiki. Hilo fundi mizani hahitaji kuelezwa.

Vipimo vyote viwili vilisoma chini. Hata hivyo daktari hakukimbilia dawa. Alichunguza kwanza sukari, uzito, usingizi na dawa ninazomeza. Ndipo akanipa jeli. Napaka mabegani kila asubuhi, inakauka, navaa shati ili isimguse mtu mwingine. Napimwa mara kwa mara damu isiwe nzito mno, na tezi dume pia. Leo nabeba mizani ya kilo ishirini bila kuhema.

Sasa nisikilize vizuri. Kabla ya kuandika dawa daktari aliniuliza, "Bado unataka watoto?" Nikamjibu ninao wanne, na wa jirani wanaoshinda kwangu. Akasema basi sawa, kwa kuwa homoni ikiingia kutoka nje, mwili hupunguza kutengeneza mbegu, au huacha kabisa. Umeelewa, Mrefu? Ungepata nguvu za kunyanyua lango la chuma, na mtoto usimpate. Na lawama ungemtupia mkeo.

Zipo dawa nyingine za kuuamsha mwili ufanye kazi yake wenyewe, lakini daktari lazima ajue unatafuta mtoto. Mwambie hilo kabla hujaketi vizuri. Mkeo naye apimwe, na asisikie habari hizi kwa mtu mwingine. Haya ni maradhi kama maradhi mengine. Uanaume wako uko palepale.

Nakujua, utasema utakwenda wiki ijayo hadi mwaka uishe. Kwa hiyo nimekata tiketi. Alhamisi tarehe 21 nitalala kwenu, na Ijumaa saa mbili asubuhi tutakuwa sote wawili kwenye benchi la hospitali. Ukishikwa na haya, nitasema mimi, midomo ninayo.

Mama, shemeji yako na wanao wote wanne wanakusalimu. Nisalimie mkeo, na shangazi akipita hapo. Mungu aijaze nyumba yenu kelele za mtoto.

Usinipikie chochote. Niandalie mkono wa kutolewa damu tu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyosema,
Fundi Mizani