Herufi za Mpiga Chapa

Stesheni ya Ngulini,
3 Machi 1996

Kwako dada Nzilani,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, ila miguu ya Mama bado inavimba. Watoto wako huko Kariobangi wazima?

Shule ya misheni inatafuta karani, na mwalimu mkuu ananitaka mimi. Anangoja jibu mwisho wa mwezi. Huku kuna minong'ono kwamba treni ya abiria itaondolewa na sisi wa reli tupunguzwe, eti wanaoikopesha serikali huko ng'ambo wametaka hivyo. Wewe uko wizarani. Umesikia lolote? Nitafuata neno lako.

Kaka yako,
Wathome

Kariobangi,
11 Machi 1996

Kaka Wathome,

Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Mpe Mama pole ya miguu.

Kuhusu ulilouliza, sijasikia kitu. Siku hizi watu wanasema mengi. Kaa kazini.

Dada yako,
Nzilani

Ngulini,
2 Juni 1996

Nzilani,

Hujambo. Treni ya mwisho ilipita Alhamisi. Nimeachishwa kazi, na nyumba ya shirika tuhame kabla mwezi haujaisha. Ile nafasi ya shule alipewa Kitonga.

Waraka wenye majina yetu ni wa tarehe 8 Machi. Chini, baada ya herufi za mkubwa, kuna "nm" ndogo. Ulipomaliza chuo ulinionyesha kwamba mpiga chapa huweka herufi za kwanza za majina yake hapo. Niambie ni mtu mwingine.

Wathome

Kariobangi,
10 Juni 1996

Kaka,

Naona haya hata kukujulia hali. Ni mimi. Jina lako nililipiga mara nne, maana mkubwa alikuwa akirudisha orodha. Mumina wa meza ya pili alimwambia mumewe jambo la ofisini, akafukuzwa. Nikaogopa kwamba ukiondoka ghafla wangejua limetoka kwangu. Ningeweza kunyamaza tu, lakini nilikuambia ukae. Hilo sikuagizwa na mtu.

Mlete Mama kwangu. Au niambie mmehamia wapi, nije.

Nzilani

Kwa mjomba, Kibwezi,
22 Septemba 1996

Nzilani,

Mama alifariki tarehe tisa. Tulimzika Jumamosi.

Barua zako zote tatu za tangu Juni zilinifikia. Sikuzifungua mpaka jana. Ulilofanya sikumwambia. Kila jioni alikuwa akiuliza mbona huji, nami nikamwambia siku hizi hakuna treni. Aliniamini.

Kaka yako,
Wathome