Mapanga Marefu Niliyomtumia Baba

Maskati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikishika simu sauti inakauka, nawe unaanza kunibembeleza wakati aliyefiwa na mume ni wewe. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Chome? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea dada Nakijwa kutoka Same unaitumia, au umeifungia kabatini kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia tangu ninyimwe ruhusa ya kuja kumzika baba, nikabaki huku nauza vitu vya kuchezea siku ile ile mnamzika.

Kuna jambo lazima niliseme. Siku ya kuanua matanga, vitu vya baba vilipogawiwa, Nakijwa alinitumia picha. Randa na msumeno kapewa baba mdogo, na ile helikopta ndogo ya rimoti imewekwa kando, kwamba ni ya Mbazi, yaani yangu. Unakumbuka nilivyoileta likizo. Pale Same uwanjani ilipaa vizuri hadi baba akavua kofia akaipungia. Tulipopanda nayo kwetu mlimani ikawa inanyanyuka kidogo, inazama. Nilipoondoka tu baba akaigonga kwenye mgomba wa jirani, mapanga yake mawili ya juu, yale yanayozunguka kuinyanyua, yakavunjika.

Akanipigia. "Mwanangu, nitumie mengine. Milimita mia tatu ishirini na tano, nimepima kwa futi kamba yangu."

Mimi mjuaji nikacheka. "Baba, huko juu hewa ni nyepesi, panga fupi linakosa cha kushika. Nakutumia ya mia tatu sitini."

"Haya, wewe ndiye fundi."

Mama, kazi yangu ndiyo hiyo. Kila siku namwambia mteja: ukirefusha panga, refusha na mkia, la sivyo panga litaukata. Wageni wote nimewaambia. Baba yangu mzazi sikumwambia, maana nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Mzigo ulipofika nikamuuliza kama inaruka. "Usiseme, mwanangu! Inapita juu ya migomba." Nikakusikia na wewe nyuma yake ukicheka, "Huyu atatuvunjia bati!" Miezi yote ile nikawa na raha, nikiwasimulia wenzangu hapa kwamba mzee wangu anarusha helikopta mlimani.

Kwenye picha ya Nakijwa mapanga yale marefu yamo ndani ya mfuko yalimokuja, mapya, hayana hata mkwaruzo. Juu ya mfuko kuna mwandiko wa baba, kwa ile penseli yake nene ya kuchorea mbao: "Yanagusa mkia. Mbazi asiambiwe."

Nimelia, Mama. Mtu aliyewagombeza mafundi wenzake kwa ubao uliozidi kwa upana wa ukucha, kwangu alinyamaza. Msumeno alikuwa nao, hakuwa na moyo wa kukata kitu nilichomtumia. Angesema neno moja tu, mengine yangefika kabla hajaugua. Alikufa hajaiona ikiruka tena, ili mimi nisione aibu. Mimi! Niliyestahili kuiona hiyo aibu.

Na wewe ulijua, hata ulipocheka habari ya bati. Sikulaumu, najua aliyekuagiza.

Pamoja na barua hii kuna mapanga ya mia tatu ishirini na tano. Nimeyapima mara tatu, ingawa aliyeyaomba hayupo. Yaweke kwenye boksi la helikopta pamoja na yale marefu, na marefu asiyaguse mtu. Desemba nikijaliwa nitayafunga haya mafupi mwenyewe, nawe utakaa kibarazani uangalie. Ikiruka, ikizama, utaniambia ulichokiona.

Nisalimie dada Nakijwa, mwambie hakukosea kutuma ile picha. Baba mdogo msalimie sana, randa ya kaka yake asiiache ishike kutu. Na yule mama jirani, mwombe radhi kwa ajili ya mgomba wake, deni la baba ni langu.

Na magoti yakikuuma, Mama, sema yanauma. Usiniambie inaruka.

Mwanao,
Mbazi