Boti ya Wagonjwa Italala kwa Wifi

Nyumba ya nyuma ya bohari,
Kisiwani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Goti la mama limetulia tangu aache kukaa chini, shemeji yako anakohoa kila asubuhi na kusema ni vumbi la mbao, na mimi ni mzima ila usingizi hauji. Wewe je? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Watoto wamezoea shule mpya? Nijibu hayo kwanza kabla hujanipa pole, maana pole nitaihitaji.

Binti yetu ni mjamzito, yuko mwezi wa nane. Mimba ya kwanza unajua ilivyoishia: uchungu ulimshika bahari imechafuka, boti ya mizigo iko upande wa pili, na tulipofika hospitali mtoto hakuwa hai tena. Safari hii muuguzi wa zahanati amesema wazi kwamba hatakubali azalie hapa, isipokuwa kama boti mpya ya wagonjwa itakuwa inalala kwenye gati letu.

Hiyo ndiyo boti tuliyoipangia mwaka mzima. Wilaya ilitoa boti, shirika likatoa injini, na visiwa vitatu vikaambiwa vikubaliane vyenyewe ilale wapi: hapa kwetu, kisiwa kikubwa, au kisiwa cha mnara wa taa. Visipokubaliana, ibaki mjini, kule bara. Kila kisiwa kina mjumbe mmoja na kura moja. Wa kwetu ni mimi. Wa kisiwa kikubwa ni wifi yetu.

Mke wa kaka yako unamjua, lakini hujamwona tangu apate hiyo nafasi. Watu wamempachika jina la Mama Ajenda, naye amelipokea kama cheo. Maji yanatoka bombani mpaka jikoni kwake. Ana friji mbili, moja ya vinywaji tu. Ukumbi wao una vigae, feni, na kipaza sauti kisichokoroma. Vikao vyote tulivifanyia huko, na kila tulipofika alitupokea mlangoni akituuliza kama tumechoka na safari, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba tumechoka. Sitakuficha: nimemwonea wivu mpaka chai yake hainishuki.

Kikao cha uamuzi nacho kilipangwa huko huko. Nikasimama, nikasema huu ni ushirikiano gani ambao mwenyeji ni mmoja siku zote. Safari hii waje kwetu, na wao walowe maji ya chumvi. Nilitegemea wifi abishe. Hakubisha. Aliandika, akafunga kalamu, akasema ni haki yetu. Ningekuwa na akili ningeogopa hapo hapo.

Tukajiandaa. Shemeji yako na mafundi wenzake walikarabati madawati ya shule, vijana wakapaka ukuta rangi, mimi nikashona mapazia ya ukumbi mzima, yenye pindo pana kuliko ya kwao. Rangi haikuwahi kukauka, na afisa mipango wa wilaya alizunguka siku nzima na mstari wa kijani mgongoni. Hakuna aliyemwambia.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakati wa kura. Wifi aliinua mkono taratibu, akakumbusha kwamba mwenyeji hapigi kura. Kanuni hiyo ipo, na tuliipendekeza sisi wenyewe, ili asitokee mtu wa kuwalisha wageni kisha akavuna kura zao pamoja na yake. Ilikuwa imelala bila kazi kwa sababu mambo mengine yote tuliyakubali kwa kauli moja. Kikao kingebaki kwao, yeye ndiye asingepiga kura, na mkunga anayewakilisha kisiwa cha mnara alikwishaniahidi kura yake. Boti ilikuwa yetu, mdogo wangu. Nikang'ang'ania uenyeji.

Mkunga alinipa kura kama alivyoahidi. Wifi akakipa kisiwa chake. Ikawa sare, kura moja kwa moja. Afisa akaanza kukusanya karatasi zake, akasema basi boti itabaki mjini. Ndipo mkunga akanigeukia.

"Dada, nisamehe. Kule kwangu nina wajawazito. Bora boti ilale kwa jirani kuliko ilale mjini."

Akahamisha kura. Alikuwa na haki. Bado sijaitikia salamu zake.

Nyumbani shemeji yako alimaliza kula kwanza, kisha akasema, "Mke wangu, mapazia lakini yamependeza." Mama ndiye aliyecheka waziwazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akasema, halafu akanyoosha mkono nimwinue kitini.

Keshoye wifi akapiga simu, si kwangu, kwa binti yetu. Chumba kiko tayari, kitanda kiko dirishani, boti iko gatini, chini tu ya nyumba. Binti akakubali kabla sijaulizwa. Nikamwambia yote niliyopaswa kumwambia wifi. Alinisikiliza huku akikunja nguo zake.

"Mama, mimi nataka mtoto anayelia. Alie kwa mjomba, alie wapi, alie tu."

Aliondoka Alhamisi.

Nilidhani nitangoja simu ya uchungu kisha nivuke. Lakini boti ile inalala kwao, na haitakuja huku kumchukua bibi mwenye afya yake. Ya mizigo unaijua, huondoka ikitaka. Kwa hiyo mtoto angezaliwa, angeoshwa, angevishwa, wifi angempakata wa kwanza na kutangaza amefanana na nani, na mimi niko hapa napima suruali za watu. Hilo siliwezi.

Jana nimempigia mwenyewe, nikamwomba nafasi ya kulala.

"Wifi, nilikuwa nashangaa umechelewa," akasema. "Njoo na cherehani yako, huku hatuna fundi."

Hata hapo alinitangulia. Kesho nafunga duka.

Msalimie sana mume wako na watoto, na yule jirani yako mfamasia aliyenitumia miwani. Mama anakuombea usiku na mchana. Nami nakuombea afya, riziki, na mawifi wasiokuzidi kitu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila wivu hata chembe.

Ukijibu, anwani ya juu usiitumie. Andika kwa anwani ya wifi. Lakini jina langu litangulie.