Karatasi Tisa za Dhahabu Kwenye Antena

Jumatatu, 3 Machi
Antena yangu imeniaibisha! Ubao mmoja, vijiantena sitini na vinne, kazi yao moja tu: kumlenga mtu kwa mwale wa mtandao na kumfuata aendako. Mwenzangu Pongsak kazunguka uani na simu mkononi, jua la huku Khon Kaen, Thailandi, likimkaanga. Mwale ukaenda kwa muuza saladi ya papai. Mama wa watu ana intaneti ya kifalme, Pongsak hana hata tone.

Bosi Wichian akanikumbusha, kwa tabasamu, kwamba wageni wanakuja Ijumaa. Mwale usipomfuata mtu, mradi unafungwa, nami narudi mitaroni kufukia nyaya. Tabasamu lile silipendi.

Jumanne, 4 Machi
Nimekagua: nyaya ni nzima, programu nayo nzima. Pongsak kaungua pua, anadai kofia. Nimemwambia atembee.

Jumatano, 5 Machi
Nimepanda ngazi. Loo! Karatasi tisa za dhahabu, zile za kubandikwa kwenye sanamu za Buddha hekaluni, ziko usoni mwa antena — tena kwa mpangilio. Mama yake bosi! Kumbe Jumapili alikuja kuibariki. Dhahabu ni metali jamani, mawimbi hayapenyi. Nikamwambia bosi nazibandua. Akatazama viatu vyake.

"Mdogo wangu, dhahabu ya mama haibanduliwi. Kamwambie wewe."

Daktari mzima wa mawimbi, anamwogopa mama! Nikapanda tena, kucha tayari. Mkono ukagoma. Bibi yangu angefufuka anichape.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenye nguvu mpishe. Vijiantena vilivyozibwa na dhahabu nimevizima, vilivyobaki nimevipangia upya zamu za kurusha, kimoja kimoja, siku nzima. Saa kumi jioni Pongsak akatembea, mwale nyuma yake. Akakimbia — ukakimbia! Nimelia, nakiri. Sasa hata vumbi lisiuguse ubao ule.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wako langoni. Pongsak yuko uani, kofia mpya. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika ngazi. Bosi, mdomo wake! Jana alimsimulia mama yake kwamba baraka zimefanya kazi. Mama kafurahi mpaka machozi, na sasa yuko juu ya ngazi hii, kabeba kitabu kipya cha karatasi za dhahabu.

"Mwanangu, tisa tu zimeleta haya," ananiambia. "Leo tuufunike ubao wote."

Namtazama bosi. Bosi anatazama viatu vyake.