Nilisingizia Homa Nisipande Newala Siku ya Idi

Bi Mabel, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Lisekese, Masasi, ni fundi cherehani, nina mume na mtoto mmoja wa kike, na jambo ninalokuletea huenda ukaliona dogo, maana si ulevi wala nyumba ndogo, ni matembezi tu, lakini limenikaa kooni na naomba unisaidie kulitoa.

Kwetu, Idi ya kuchinja ikifika, siku ya pili yake ukoo wote wa mume wangu hupanda Newala, tunakodi Hiace, tunapika pilau tangu alfajiri, tunakwenda kule panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo mlima unakatika ghafla na chini unaliona bonde la Ruvuma mpaka Msumbiji, na si sisi peke yetu, Masasi inahamia huko, Tandahimba wanakuja, Mtwara wanakuja, spika zinashindana, wapiga picha wanakuvuta mkono, hata pa kutandika mkeka hupapati. Mume wangu Halfani ndiye msimamizi, safari hiyo aliachiwa na marehemu baba yake na anaishughulikia kwa moyo wote.

Mwaka juzi, katika umati ule, mwanangu Shakila alipotea. Nilikuwa nimemshika mkono, nikamwachia kidogo nipokee sahani, nilipogeuka hayupo, na pale, Bi Mabel, si sokoni, pale kuna ukingo. Nilikimbia nikiita jina lake na muziki unaimeza sauti yangu, watu wananipisha wakidhani nacheza, mpaka jua lilipoanza kuteremka ndipo mama mmoja muuza karanga akamleta amemshika mkono, kumbe mtoto alifuata maputo. Halfani alimpokea, akamrusha juu, akasema, "Si amepatikana? Basi tule." Watu wakacheka, wakala, mimi tonge halikupita.

Mwaka jana nilikwenda nimemfunga Shakila mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa vile, mawifi wakanicheka na mgongo ukaniuma wiki nzima. Mwaka huu hofu ilinianza kabla hata mwezi haujaandama, nikawa nashona nguo na kuifumua, basi siku yenyewe nikajifunika blanketi nikasema nina homa, na Shakila naye ana dalili. Halfani alitaka kuiahirisha safari yote, nikamsihi aende, akaenda amenyong'onyea, nami nikabaki nalia kwa aibu.

Lakini sikutaka mwanangu akue akijua kwamba mlima ule ni mahali pa mama kulilia. Kwa hiyo wiki iliyofuata, siku ya kazi, Halfani alipokwenda Mtwara kufuata spea za pikipiki anazouza, nilimchukua Shakila tukapanda basi la asubuhi mpaka Newala. Bi Mabel, hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa ndiyo kwanza unanyanyuka bondeni, mto unajitokeza kidogo kidogo, na ukimya wenyewe unamsikia ndege anayelia huko chini. Tulikaa mbali na ukingo, mwanangu nimempakata, akaniuliza kule ni wapi na kule ni wapi, nami nikamjibu bila haraka. Nilijikuta napumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Ndipo nikamwona bibi amekaa peke yake juu ya kanga, ndala zake pembeni. Alikuwa mama mkwe wangu. Huyu ndiye kila mara hutuaga kwamba anakwenda Newala kupimwa presha. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akapiga kanga kwa kiganja, kuniashiria nikae. Akaniambia utotoni mama yake alimvusha mto ule kwa mbeleko wakati wa vita vya Msumbiji, na hupenda kuja kuutazama. "Siku za Idi naona migongo ya watu tu," akasema. Hajamwambia mwanawe kwa kuwa safari ni ya marehemu, anaogopa kumvunja moyo. Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, aliyoichemsha, tukacheka mpaka akajifuta machozi, na tangu siku ile usingizi umenirudia.

Sasa mama anasema tunyamaze, iwe siri yetu. Lakini Halfani ameanza kuulizia Coaster ya Idi ijayo, anasema tuliokosa mwaka huu tupate nafasi ya kutosha, naye si mtu mbaya, ananionea huruma kwa homa ambayo sikuwa nayo. Nikisema namuumbua mama yake, nikinyamaza namdanganya mume. Nifanyeje?

Mama Shakila, Lisekese

*

Marahaba, Mama Shakila.

Kwanza pole. Mtoto kupotea karibu na ukingo si jambo la kumalizwa kwa sahani ya pilau, na mawifi waliokucheka walipaswa kukupokea mtoto mgongoni.

Sasa nikugombeze. Mwanamke mzima unajifunika blanketi mchana kweupe, mumeo anaondoka na moyo mzito, na mtoto asiye na hatia unamvika homa. Mama mkwe wako naye, kwa heshima zake, anasingizia presha. Siku ikimpanda kweli nani atamwamini? Mmejificha kama wezi, na mlichokiiba ni utulivu, kitu ambacho mngepewa kwa kuomba. Asiyependa umati husema, "Siku hiyo siendi, nitakwenda siku nyingine." Hajitii ugonjwa.

Kwa kuwa uliniachia namba, nilikupigia, nikakuambia useme siri yako tu, ya mama mwachie mwenyewe, na kwamba barua hii sitaichapa kabla hujasema. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji kilichofuata.

Ulimwendea Halfani dukani kwake baada ya swala ya Ijumaa, ukamweleza yote ukitegemea ugomvi. Akaweka chini spea aliyoishika. Kisha akakwambia, "Siku ile wewe ulikimbia ukiita. Mimi nililala kifudifudi pale ukingoni, nikachungulia chini."

Alimrusha mtoto juu, akasema mle, kwa sababu alikuwa bado na hofu na hakutaka watu waione. Tangu hapo kila Idi anashinda akizunguka kuwahesabu watoto wa ukoo, na pilau lake hulirudisha nyumbani halijaguswa. Aliendelea kuipanga safari akiamini nyinyi nyote mnaifurahia, mama yake kuliko wote. Mama aliposikia hivyo kutoka kwako hakungoja kutajwa. Alikuja mwenyewe dukani kwa mwanawe, akakaa, akasema la kwake. Unaniambia mlicheka watatu mpaka mteja akaondoka bila kuhudumiwa. Nimefurahi, mwanangu.

Basi sikiliza. Coaster isikodiwe. Idi ijayo pilau liliwe Lisekese, kwenye mikeka yenu, na vijana wanaotaka spika na picha wajipandie wenyewe, umri unawaruhusu. Mlimani nendeni baada ya sikukuu, katikati ya wiki, kwa basi la kwanza, kabla jua halijawa kali. Mtoto avae sweta, asubuhi ya kule inauma. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani, Newala wenyewe wanayatafuta kwa shida. Ukingoni msisogee, bonde linaonekana vizuri hata ukiwa nyuma. Na ikiwalazimu siku moja kwenda siku ya watu, fikeni mapema na kabla ya adhuhuri muwe mmeshashuka, na kila mtu mzima awe na mtoto wake mmoja wa kumshika.

Ukiingiwa na hofu tena, usiihifadhi. Iseme siku hiyo hiyo, kwa mumeo, si kwangu.

Safari ya kwanza mwende wanne tu. Shakila ashikwe na bibi yake. Wewe mpakulie Halfani, mkae naye, asinyanyuke hapo mpaka amemaliza sahani.

Bi Mabel